Ngitili Isiyo na Mwenyewe

Mwanzoni mwa miaka ya hamsini, pale kwetu karibu na Didia, sikumwamini mtu yeyote aliyekuja na karatasi. Wazee nao hawakumwamini. Tulikuwa tumesikia kwamba serikali inataka kutupunguzia ng'ombe, kwa hiyo karani wa ardhi alipokuja kuuliza ngitili ni ya nani, kila mtu alihisi mtego.

Ngitili ni malisho tunayoyafunga mvua zikiisha. Haingii mnyama humo mpaka kiangazi kikali, wazee wakishakubaliana siku ya kufungua. Ilikuwa yetu sote. Lakini wazee walinong'onezana, wakaona atakayejitaja ndiye atakayehesabiwa mifugo. Wakajibu kwa Kisukuma kwamba haina mwenyewe. Mimi niliyesoma misheni ndiye niliyekuwa mkalimani wao, nikasema vivyo hivyo kwa Kiswahili, tena nikijiona mjanja. Karani akaandika.

Baada ya mavuno tukakuta vigingi vimechomekwa katikati ya ngitili. Kwa kuwa haina mwenyewe, ingegawiwa wakulima wa pamba kutoka kwingine. Bila malisho yale, ng'ombe wetu wasingeifikia mvua. Nilishikwa na hasira, hasa na ulimi wangu mwenyewe.

Tukaomba baraza. Karani akaja, akatutazama kwa jicho la mtu aliyekwisha kudanganywa mara moja, na kweli tulimdanganya. Akauliza: kama ni yenu na mnailinda, nani aliwahi kuadhibiwa kwa kulisha humo bila ruhusa? Watu wakaangalia miguu yao. Mimi nilikuwa na orodha kichwani ya niliowashuku miaka yote, nikawapitia kwa macho mmoja mmoja.

Akasimama baba yangu. Huyo huyo aliyekuwa akitugombeza ndama akiukaribia tu mpaka. Akaeleza kwa Kisukuma kwamba mwaka mmoja wa ukame aliingiza ng'ombe wake alfajiri, wenzake wakamkamata, wakamtoza dume, likachinjwa na kuliwa na kijiji kizima. Mwaka huo mimi nilikuwa bwenini misheni. Nilipoona hakuna aliyeshtuka, nikajua walikuwa wakijua wote isipokuwa mimi.

Masikio yaliniwaka kwa aibu. Nikamwambia karani kwamba mzee huyu aliwahi kukosea kidogo, akaonywa.

Baba akanigeukia. Sikuwa nikijua kwamba Kiswahili chake kinafika huko.

"Sikuonywa," alisema kwa Kiswahili. "Niliiba majani ya watu hawa, wakanitoza dume. Mwambie hivyo."

Karani alikwisha kusikia, lakini baba aliendelea kunitazama akingoja. Basi mbele ya mke wangu na wakwe zangu nikasema kwamba baba yangu aliiba. Karani akafuta maneno yake ya zamani, akaandika kwamba ngitili ni ya kijiji. Jina la mtu liliandikwa moja tu katika karatasi ile, la baba, kama mwizi.