Farkhanda na salamu za Ijumaa zilizofunika barua za wanunuzi

Saa mbili asubuhi, Ijumaa ya mwisho kabla ya Idi Kubwa. Farkhanda Mir anafuta vumbi kwenye kioo cha kompyuta kwa ncha ya mtandio wake, anafunika kikombe cha chai kwa kisahani ili nzi wasiingie, kisha anavuta kiti. Chini ya ngazi mbuzi wa mwenye kiwanda amefungwa kamba, anatafuna boksi la glavu.

Kioo kinawaka. Barua pepe zinashuka moja baada ya nyingine: mnunuzi wa Uholanzi, wakala wa meli, muuza ngozi wa mji wa Kasur, mnunuzi wa Uholanzi tena. Halafu linatokea waridi jekundu lenye matone ya umande, na chini yake dua. Hizo ni salamu za Ijumaa za Haji Inayat Dar, mwenye kiwanda, kwa watu wake wote. Farkhanda hajanywa funda la pili, majibu yameanza kumiminika. Amina. Amina, Haji. Amina, na Idi njema.

"Ngoja uone," anasema Sumbal, binti wa meza ya pili anayeshughulikia hati za mizigo. "Leo salamu za Ijumaa na za Idi zimekutana. Leo tutazikwa hai, baji."

"Zikwa wewe," anajibu Farkhanda bila kugeuka. "Mimi nina kazi."

Hapa mjini Sialkot wanamwita baji, dada mkubwa, hata wale waliomzidi umri. Ana miaka arobaini na minne. Aliingia kiwandani kama mpiga chapa, siku ambazo oda zilikuja kwa faksi na karatasi yenyewe ilikuwa na joto ukiishika. Leo yeye ndiye mlinzi wa kikasha cha barua pepe cha kiwanda kizima, kikasha kimoja ambamo wanunuzi wote wa glavu za magolikipa huandika. Mshahara wake ni rupia elfu hamsini na kidogo kwa mwezi. Ukiunganisha na wa mumewe, anayechonga mipini ya magongo ya kriketi, wanalipa kodi na ada za watoto wawili, na mwisho wa mwezi wanakula dengu.

"Dengu si tabu," anasema. "Tabu ni kufungua kikasha asubuhi ukakuta barua zaidi ya mia tatu, na hujui ni ipi yenye moto ndani."

Anajua anachokisema. Mwaka jana mnunuzi wa Uholanzi aliandika Alhamisi jioni kwamba kidole gumba cha glavu kipanuliwe. Ijumaa waridi likaja, na Amina zikafuata. Kila mtu alijibu kwa wote, maana kumwitikia Haji kimyakimya si adabu. Hadi Jumamosi barua ya Mholanzi ilikuwa imefukiwa chini kabisa, na mafundi walikuwa wameshakata ngozi kwa kipimo cha zamani. Ngozi ikishakatwa imekatwa.

Walipomwomba radhi, mnunuzi alikubali. Lakini aliongeza mstari mmoja, ambao Farkhanda ameuhifadhi kwa moyo: ikipotea barua nyingine, kazi itahamia kwa wengine. Kazi hiyo ndiyo inayojaza meza za kukatia hapo chini. Ndiyo pia inayopelekwa kwa akina mama wanaoshona majumbani, vijiji vya upande wa Daska. Ikiondoka, meza nyingi zitabaki na mikasi tu.

Msomaji atauliza, kwa nini salamu zile zisifutwe tu? Farkhanda alijaribu. Alishika kipanya, akakipeleka kwenye alama ya pipa la taka, mkono ukagoma. Salamu zina dua, na nyingine zina aya. Nani atalitia takani jina la Mungu? Wenzake nao hawakuweza. Kila mmoja alizihifadhi, Ijumaa baada ya Ijumaa, hadi kompyuta zikawa zinafunguka kwa kujikokota.

Jawabu alilipata nje ya lango. Pale ukutani pametundikwa boksi la kijani, kama yanavyotundikwa kila mtaa, ambamo wapita njia hutia vipande vya karatasi vyenye aya visije vikakanyagwa. Siku moja alisimama kumngoja mwenye mkokoteni wa maembe apite, akamwona mzee akiokota kipande cha gazeti, akakibusu, akakitia ndani.

"Nikajisemea, Farkhanda, wewe mjinga kweli," anasimulia huku akicheka. "Kompyuta nzima ina pipa la taka, haina boksi la kijani! Nikalitengeneza."

Alifungua folda, akaipa jina Adabu. Akaiamuru kompyuta kwamba barua yoyote itokayo ndani ya kiwanda na kuandikiwa watu wote iingie humo moja kwa moja. Haifutwi, wala haimzibii mtu njia. Baada ya hapo mengine yakawa mepesi. Hashindi tena akichungulia kikasha kila kikilia mlio. Hukifungua asubuhi, adhuhuri na alasiri. Kila barua anaiuliza swali moja: huyu anataka nini, na lini? Inayojibika hapo hapo anaijibu hapo hapo. Inayohitaji neno la mtu mwingine anamtumia mtu huyo, kisha anaiweka kwenye folda ya Inangoja, na hatoki ofisini bila kuipitia. Zamani alikuwa akifika nyumbani Isha. Sasa Magharibi humkuta jikoni, vitunguu vikiwa vimeshakuwa vyekundu.

Leo katika folda ya Inangoja imebaki barua moja tu. Ni ya Mholanzi. Sampuli imempendeza, ila anataka upana kamili wa ukanda wa kifundo cha mkono, aupate leo kabla hawajafunga ofisi kwao. Asipoupata, nafasi ya msimu atapewa mwingine. Farkhanda ameshamwandikia Ustad Sharafat, mkuu wa wakataji, tangu asubuhi.

Adhuhuri inafika, jibu la Ustad halijaingia. Watu wanakwenda msikitini, wanarudi wananukia atari. Kikasha ni cheupe kama sahani iliyooshwa, lakini ile barua moja ingali pale inangoja.

"Pengine hajapima," anasema Sumbal.

"Ustad? Yule anapima hata chapati kabla ya kuila." Farkhanda anainua simu. "Ustad, kipimo changu kiko wapi?"

Sauti ya mzee inasikika hadi meza ya pili. "Nimekutumia tangu asubuhi, baji! Umelala?"

"Sijaona kitu."

"Basi kompyuta yako ndiyo imelala. Yangu imesema imekwenda."

Farkhanda anakata simu. Kisha anaifungua folda ya Adabu, na wakati huo huo Haji Inayat anaingia, kofia mkononi, kuuliza habari za Mholanzi. Haji anainama nyuma ya kiti na kutazama kioo. Mawaridi yamejipanga kutoka juu mpaka chini. Mengi hayajafunguliwa.

"Hizi si salamu zangu?" anauliza.

"Ndizo, Haji."

"Zote? Kwa hiyo mimi naamka alfajiri nachagua ua, na nyinyi mnanifungia stoo?"

Sumbal ameinamia hati zake kama anatafuta sindano. Farkhanda hageuzi uso.

"Haji, pale langoni pana boksi la kijani. Nani aliligharimia?"

"Marehemu baba."

"Alilitundika ili maneno ya Mungu yadharauliwe, au yasikanyagwe?"

Haji anaigeuza kofia mkononi.

"Basi na hapa ni hivyo hivyo. Zamani tulikuwa tunazikanyaga kila siku, tukizipita mbio kutafuta barua ya mnunuzi. Siku nyingine, Mungu anisamehe, tulizipita tukinung'unika. Sasa zimekaa mahali pake. Nikimaliza kazi, nazifungua nimetulia."

"Zote?"

"Zenye maua mazuri," anadakia Sumbal, na Haji anacheka kabla hajataka kucheka.

Farkhanda anaendelea kuteremka. Katikati ya Amina na Amina, anaikuta. Chini ya waridi la asubuhi, kwa kuwajibu watu wote, Ustad ameandika upana wa ukanda na unene wa ngozi, kisha akamalizia kwa dua.

Ustad Sharafat anaitwa juu. Anafika anahema, chaki ya kukatia ingali sikioni.

"Ustad, mbona kipimo umekiweka kwenye salamu za Haji?"

"Mimi huandika hapo siku zote," anasema mzee, akishangaa swali lenyewe. "Nangoja dua ije, naandika chini yake. Neno la kazi lisianze kavu, baji. Litaanzaje bila baraka?"

"Na isipokuwa Ijumaa?"

"Nairudia ya Ijumaa iliyopita. Baraka haichachi."

Haji anajitazama viatu. Sumbal amefunika mdomo kwa mtandio.

Farkhanda haoni la kumlaumu mzee. Kwanza anamjibu Mholanzi, anahakikisha barua imetoka. Kisha anamkalisha Ustad kwenye kiti chake na kumwonyesha jinsi ya kuanzisha barua mpya. Juu kabisa amemwandikia Bismillahi, itokee yenyewe kila akifungua, na mahali pa kichwa cha habari ataandika aina ya glavu. Ustad anajaribu mara ya kwanza, anajaribu tena. Kisha anaipapasa ile Bismillahi kwenye kioo kwa kidole chenye chaki.

"Hii inafaa," anasema. "Ungeniambia mapema."

Chai ya alasiri haijapoa, jibu la Uholanzi linaingia. Kipimo kimekubaliwa, oda ya msimu ni yao, kukata kuanze mara baada ya sikukuu. Sumbal analisoma kwa sauti, na Ustad anashuka ngazi akiwaita wakataji kwa majina, mmoja mmoja.

Farkhanda naye ana lake. Miaka kadhaa sasa hajala Idi kwa dada yake, mjini Jhelum, kwa kuwa kikasha hakina wa kukilinda. Mwaka huu amepanga kwenda, na simu ataiacha kabatini. Akirudi anataka kuwaalika wanawake wa viwanda vya jirani wanaofanya kazi kama yake, awaonyeshe anavyopanga barua, maana anawajua wanavyochelewa kurudi kwa watoto wao.

"Njia hii si yangu peke yangu," anasema. "Kama inanihitaji mimi nikae hapa kila siku, basi sijarahisisha kitu."

"Na kitini atakaa nani?" anauliza Haji.

"Nilikuwa nakusubiri uulize."

Haji anamtazama Sumbal, Sumbal anatazama dari. Mwishowe Haji anaweka kofia mezani, anakaa, anashika kipanya kwa mikono miwili.

"Haya, nitahini."

"Barua imekuja," anasema Farkhanda, amesimama nyuma yake, mikono kifuani. "Imeandikiwa watu wote. Ina waridi, ina dua. Unafanyaje?"

Haji anafikiri. Kipanya hakisogei.

"Naitikia amina," anasema. "Kwa mdomo."