Baiskeli Ambayo Haikuwamo Kwenye Tamthilia

Kwa muda mrefu majirani wa mama yangu kule Nshamba waliamini kwamba mimi ndiye ninayeimba wimbo wa mwanzo wa ile tamthilia ya dada wawili wanaogombea kibanja cha baba yao. Mama mwenyewe ndiye aliyewaambia. Alijua binti yake anahusika na muziki wa tamthilia, na muziki pekee aliokuwa anausikia ni ule wimbo, basi akajumlisha. Wimbo wenyewe umeimbwa na kijana wa Dar es Salaam mwenye sauti nzito, ukiongeza kidogo sauti ya televisheni, vikombe vya kabatini vinatikisika. Nilipomuuliza mama ilikuwaje akaamini kuwa ile ni sauti yangu, alisema alidhani mashine za siku hizi zinaweza hata hayo.

"Mimi siimbi, mama," nilimwambia. "Natengeneza ule muziki unaopita chini wakati watu wanazungumza."

Mama akafikiri kidogo. "Muziki upi? Wakizungumza mimi sisikii muziki wowote."

Nilipomsimulia mwongozaji wa tamthilia, alicheka mpaka akaomba anipigie baadaye. Alipopiga tena alisema hajawahi kusikia sifa kubwa kama hiyo. Kwa maelezo yake, muziki wa tamthilia mtu akianza kuusikiliza, ujue ameacha kufuatilia hadithi.

Mwongozaji huyo nilisoma naye sekondari. Yeye alikwenda Dar es Salaam, mimi nikarudi Bukoba kufundisha, na Jumapili napiga kinanda katika kanisa letu la Kilutheri. Alipokuja kupiga picha za tamthilia yake Muleba, alinitafuta nyumbani kwetu Buhembe, akala, akashiba, ndipo akasema shida yake.

"Sitaki muziki wa kuokota mtandaoni," alisema. "Nataka mtu anayejua mvua ya huku inavyoanza."

Nilikubali kabla sijajua ninakubali nini. Wiki ya kwanza nilikaa na kinanda changu na kila nilichokitunga kilitoka kama ibada. Dada mkubwa anamtukana mdogo wake, na chini yake muziki unakaribisha watu kutoa sadaka. Nikaona hapa panahitajika chombo kingine, chenye kucha.

Ndipo nikamkumbuka mzee mmoja wa Bilele, mstaafu wa bandarini, ambaye kila mtu wa umri wangu mjini amewahi kumsikia akipiga fidla kwenye harusi. Baba yake alikuja kutoka pwani zamani na fidla hiyohiyo, akaoa huku, akabaki. Mzee mwenyewe anazungumza Kihaya kizuri kuliko changu. Nilimweleza habari ya dada wawili na kibanja, akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja tu.

"Nani mwenye haki?"

"Bado haijulikani."

"Basi nitawapigia wote sawa," akasema, na kazi ikaanza.

Studio yetu ilikuwa chumba cha kulala. Tulitundika mablanketi madirishani kwa sababu ya jogoo wa jirani, ambaye alikuwa na kipaji cha kuwika panapotakiwa ukimya. Mume wangu alihamia sebuleni bila kunung'unika sana. Mwongozaji alikuwa anatutumia vipande vya picha kwa simu, sisi tunavitazama, tunatunga, tunarekodi, tunatuma. Muda wa swala ukifika mzee anaweka fidla juu ya kitanda, anaifunika na kanga yangu kama mtoto aliyelala, anatoka. Akirudi tunaendelea. Vipande tulivipa namba tu. Hatukuwa na muda wa majina, na wala hatukudhani kuna siku yatahitajika.

Mara nyingine tulitunga kwa ajili ya tukio ambalo baadaye liliondolewa. Kulikuwa na kimoja ambamo dada mdogo anakaa stendi ya Muleba akimsubiri mtu asiyekuja. Tulikifanyia kazi siku nzima. Mzee alipiga polepole, karibu bila kubonyeza nyuzi, na mimi chini yake nikaweka sauti chache tu za kinanda. Halafu mwongozaji akaandika kwamba ile sehemu imekuwa ndefu, stendi imekatwa. Tukasema haya, tukaendelea na kingine.

Tamthilia ilirushwa, ikapendwa. Kilichonishangaza ni kwamba watu walianza kuandika kwenye ukurasa wake kuuliza muziki fulani unapatikana wapi: ule wa kahawa inapoanikwa, ule wa mvua, ule wa yule mama mbaya. Kumbe kuna watu wanasikia. Ndipo kampuni moja ya Dar es Salaam inayosambaza muziki ikamwambia mwongozaji kwamba itatoa albamu: muziki mtupu, bila maneno ya waigizaji, kabla msimu wa pili haujaanza.

Mimi nilifurahi kwa muda wa kupika chai, kisha nikaingiwa na wasiwasi. Nani atakaa kusikiliza muziki wa kugombana wakati hakuna anayegombana? Nilimwambia mzee hofu yangu. Alikuwa barazani kwake Bilele, anapaka ulimbo kwenye nywele za upinde wa fidla.

"Mwalimu," alisema, "baba yangu alipiga maisha yake yote bila picha. Na watu walikuja."

Kampuni ikaomba majina ya vipande, yawe mafupi na ya kuvutia. Tulijaribu jioni nzima. Mzee alitoa majina ya mtindo wa taarabu, marefu, yenye mafumbo na manung'uniko; kimoja alitaka kiitwe "Umenipita Mlangoni Hata Salamu". Mimi yangu yote yalikuwa "Amani" na "Tumaini" na "Asubuhi Njema". Tuliposoma kwa sauti, tukaona hapa albamu itanunuliwa na watu wawili waliokosana.

"Tumwendee anayeijua tamthilia kuliko sisi," nikasema.

Jumamosi tukaenda Nshamba kwa mama.

Mama alikuwa amejiandaa kwa ajili ya mgeni. Kuku alikuwa amechinjwa na mwenye duka jirani, ambaye ni Mwislamu, na mama alihakikisha jambo hilo linajulikana kabla hatujakaa vizuri. Akatuletea akamwani kwenye kisahani, tukatafuna zile kahawa, yeye na mzee wakaulizana habari za Bukoba na habari za watoto. Wote wawili ni watu wa salamu ndefu, kwa hiyo nilipata nafasi ya kuonja ndizi jikoni.

"Na wewe waitu, mle ndani unafanya nini?" mama akamuuliza mzee hatimaye, kwa lile neno la heshima la Kihaya. "Huyu ananiambia haimbi."

Mzee akafungua kasha, akamwonyesha fidla. Mama akaigusa kwa kidole kimoja, kama anavyogusa pasi kujua kama imepata moto.

Niliunganisha simu na spika ndogo, nikaiweka juu ya meza, nikamweleza mama kwamba nitapiga vipande, naye aniambie vinamkumbusha nini. Akageuza kiti akaitazama televisheni. Ilikuwa imezimwa, lakini aliitazama hivyohivyo muda wote, mikono mapajani, kwa mazoea.

Kipande cha kwanza hakikufika katikati. "Hapa yule mkubwa anamwaga maziwa ya mwenzake," alisema.

Cha pili. "Wanaanika kahawa. Yule mdogo ana gauni la kijani."

Cha tatu. "Huyu sasa ni yule mama mbaya, anakuja na mwavuli wake. Zima, namchukia." Halafu, kabla sijazima: "Acha kidogo."

Mzee alinitazama. Mimi nilikuwa nimeacha kuandika.

"Mama, mbona ulisema husikii muziki?"

"Sikuwa nausikia," akajibu. "Sasa nausikia, na nikiusikia nawaona. Endelea."

Tukaendelea hivyo. Majina yalikuja yenyewe: "Maziwa", "Gauni la Kijani", "Mwavuli". Mzee akakubali kwamba yanashinda yake, ingawa aliomba angalau kimoja kiwe na manung'uniko, na mama akampa "Mjomba Hajafika", ambalo lilimridhisha sana.

Kisha kikaingia kile cha stendi. Sikukusudia, kilikuwa kwenye simu pamoja na vingine, na kilifuata kwa mpangilio wa namba. Mama alikiacha kipite chote. Nilisubiri anitajie tukio, nikasahau kwamba tukio hilo hajawahi kuliona.

"Hawa siwaoni," alisema kilipokwisha. "Ni wapi hapa?"

"Samahani, hiki hakikutumika. Kulikuwa na sehemu, wakaikata. Ngoja nikiruke."

"Usiruke. Rudia."

Nikarudia. Nje mtu alikuwa anakata kuni, akaacha. Mama alikuwa bado anaitazama televisheni iliyozimwa, lakini kichwa alikuwa amekiinamisha upande mmoja.

"Namwona baba yako anaosha baiskeli," alisema.

Baba yangu alifariki muda mrefu sasa. Alikuwa mnunuzi wa kahawa, na baiskeli yake ilikuwa nyeusi, yenye taa inayowashwa na mzunguko wa gurudumu. Kila Jumamosi mchana aliipindua miguu juu pale uani na kuiosha spoku moja moja, kwa kitambaa na maji ya ndoo, kama mtu anayejiandaa kwa safari. Kesho yake ilikuwa Jumapili, na kanisani tulikwenda kwa miguu, sote pamoja. Baiskeli haikwenda popote. Nilikuwa nimelisahau jambo hilo kabisa, na sasa nilisikia hata ile sauti ya gurudumu linalozunguka hewani likipungua mwendo.

"Nilikuwa namuuliza kwa nini anaiosha na kesho haiendi," mama alisema. "Anasema, nayo ni siku yake ya kupumzika, ipumzike ikiwa safi." Akacheka, kisha akajifuta jicho kwa ncha ya kitenge, bila haraka, mbele ya mgeni. "Mzee, huyo anayepiga hapo ni wewe?"

"Ni mimi, mama."

"Unaweza kuipiga hapahapa? Bila hiyo simu?"

Mzee akainuka. Akakaza nyuzi, akajaribu, akakaza tena, kisha akapiga. Kwenye simu kipande kile ni kifupi, lakini mzee hakuishia pale. Alirudi mwanzo, akapita njia nyingine, akaongeza vitu ambavyo hatukuwahi kurekodi, na mimi sikuwa na kinanda cha kumfuata, nikakaa tu. Mkata kuni na mke wake walikuja wakasimama mlangoni. Mama aliwaashiria waingie, wakaingia, wakakaa kwenye mkeka. Mzee alipomaliza hakuna aliyepiga makofi. Mkata kuni alisema, "Asante, mzee," na mama akaenda kuepua ndizi.

Wakati wa kula niliuliza kipande kile kiitwe nini, kwa upole, nikijua jibu.

"Kiite 'Baiskeli ya Jumamosi'," mama alisema. "Au huruhusiwi?"

Nilimpigia mwongozaji palepale, nikaweka sauti ya simu wazi ili wote wasikie.

"Lakini tamthilia nzima haina baiskeli," alisema.

"Najua."

"Na stendi tuliikata."

"Najua pia. Nataka kiingie kwenye albamu, na kiwe na jina hilo."

"Watu wataniuliza baiskeli iko wapi."

Mama akasogeza uso karibu na simu. "Waambie kila mtu atazame ya kwake," alisema, kisha akaendelea kumgawia mzee mchuzi.

Mwongozaji akauliza kama huyo ni mama. Walisalimiana muda mrefu. Alipokata simu alikuwa ameshakubali, na alikuwa amealikwa chakula.

Kampuni haikukubali kirahisi hivyo. Waliandika kwamba albamu ni ya tamthilia, na mnunuzi anataka alichokiona. Mwongozaji akawajibu kwa niaba yetu. Sijui aliwaambia nini, ila baada ya siku chache waliniandikia kwamba kipande kitaingia, lakini mwisho kabisa, baada ya vyote. Mzee alisema mwisho ni mahali pazuri, watu wakiwa wamekwisha kukaa vizuri.

Huko Nshamba mama amewafafanulia majirani upya. Sasa wanajua siimbi. Anawaambia natengeneza muziki wa kuwafanya watu waone, maelezo ambayo kwa kweli ni mazuri kuliko yangu. Lakini lile neno kwamba albamu "itatoka" linamsumbua. Juzi alinipigia kuuliza itatokea wapi.

"Mtandaoni, mama. Watu watafungua simu zao, wataikuta."

"Siku hiyo mimi nikae wapi?"

"Popote. Nitakuja nikufungulie."

"Njoo mapema basi," alisema. "Nitawaambia hawa wa jirani waache kuni zao."

Wiki iliyopita kampuni ilituma albamu nzima, tayari, ili niisikilize na kuidhinisha kabla haijatangazwa. Ilikuwa jioni, mvua imekatika, maji yanachuruzika kwenye majani ya migomba nyuma ya nyumba. Nilikaa kwenye ngazi ya mlango wa jikoni na spika ndogo pembeni. Mume wangu alitoka na vikombe viwili vya chai, akaniuliza kwa macho kama akae, nikamsogezea nafasi. Tulisikiliza mwanzo mpaka mwisho. Kwenye kipande kimoja cha katikati, kwa mbali sana, nyuma ya fidla, jogoo wa jirani anawika. Yale mablanketi hayakumweza. Nilifikiri kuwaandikia wamtoe.

Mwisho nikawaandikia kwamba albamu iko sawa, waitoe kama ilivyo.