Mgonjwa wa Chumbani Kwangu

Nilipohamishiwa Mtwara kufundisha, nilipanga chumba mtaa wa Chuno, nikajifungia humo na kompyuta kuukuu. Nilikuwa na gemu moja tu, la kurusha ndege, na kila Jumapili mchana nilijaribu kuruka kutoka Mtwara hadi kwetu Bukoba. Sikuwahi kufika. Kadi ya picha ndani ya kompyuta ilichemka, kioo kikaganda, nami nikalaani kadi, jua na aliyenihamisha.

Nilikata mfuniko wa sufuria, nikaukaza juu ya kadi kwa mpira wa baiskeli ili uvute joto. Haikusaidia kitu. Jumapili moja nikafungua ubavu wa kompyuta, nikachukua pepeo la ukili ninalowashia mkaa, nikawa naipepea kwa mkono mmoja huku narusha ndege kwa mwingine.

"Vumilia kidogo," niliiambia. "Tunakaribia."

Hodi ikabishwa mlangoni. Alikuwa mama wa chumba cha jirani, ambaye mpaka siku hiyo tulikuwa tunaishia kwenye salamu. Mkononi ana bakuli la uji.

"Mwalimu, nakusikia tangu mchana unampepea mgonjwa. Mnyweshe huu, bado wa moto."

Nilishukuru, nikafunga mlango, nikaunywa wote nikiwa nimesimama. Tangu nihamie, hakuna mtu aliyewahi kunipikia chochote.

Kesho yake jioni alirudi.

"Mgonjwa anaendeleaje, mwalimu?"

Nyuma yangu kompyuta ilikuwa imezimwa, imepoa kabisa.

"Bado, mama," nikasema. "Bado hajapata nafuu."