Koti la Mafuta ya Papa

Mume wangu alikuwa na kifua kibovu na kichwa kigumu, na katika msimu ninaoukumbuka hapa nilihangaika na vyote viwili. Kazi yake ilikuwa ukirongozi, yaani kutangulia mbele ya msafara na kuijua njia. Katika safari yake ya mwisho ya milima ya Uluguru alinyeshewa siku tatu mfululizo, akarudishwa Bagamoyo kwa machela, kichomi kikimkata ubavuni hata kumaliza neno moja ilikuwa kazi. Tulimuuguza miezi miwili. Siku mganga alipotuaga alinivuta kando, akaniambia kifua kile kikilowa tena kwenye baridi ya mlimani nisijisumbue kumwita.

Basi hapo ndipo akaja Mzungu mkusanya majani. Hakuyataka ya kulishia mbuzi wala ya dawa. Aliyabana katikati ya karatasi na kuyaandika, na alitaka kupandishwa juu kabisa kwenye milima ile ile. Kila aliyemuuliza alimwelekeza kwetu. Akaja mwenyewe hadi barazani, akakaa mkekani, na mume wangu akamuuliza ameiwaza vipi mvua. Mzungu akajibu kwa Kiswahili chake cha kuungaunga kwamba mvua si neno, kwani huu ndio msimu wa joto. Kwao, labda. Kwetu kilikuwa kipupwe, na mimi nilikuwa nimejitanda kaniki mbili.

Ningependa akatae, sitaficha. Lakini tangu augue alikuwa akishinda barazani akitazama misafara ya wenzake ikipita, na ulimi wake ulikuwa umekuwa mkali hata kwa kuku. Alipoitwa kirongozi siku ile niliona uso wake ukikunjuka. Nikajua kwamba nikimzuia nitaishi na mtu mwenye kununa mpaka siku mmoja wetu atakapozikwa. Kwa hiyo nikaweka masharti mawili: lipatikane koti lisiloingiza maji hata tone, na mimi niende naye. Sharti la pili alilikubali upesi, maana ugali wa wapagazi alikuwa akiuchukia, na wanawake waliofuatana na waume zao safarini hawakuwa wachache. Lile la kwanza lilitutoa jasho wiki mbili nzima.

Tulianzia kwa Mhindi mmoja wa mtaa wa Dunda, mwenye duka la vitu vya Ulaya. Alikuwa na koti la mpira lililokuja kwa meli, limekunjwa vizuri ndani ya sanduku. Tatizo ni kwamba lilikunjika moja kwa moja. Joto la stoo lilikuwa limeiyeyusha mikono ikagandana na kifua, na tulipojaribu kulikunjua, mume wangu akivuta huku nami nikivuta kule, lilitoa sauti ambayo sitaiandika. Mwenye duka akalirudisha sandukuni. Mzungu wetu naye alikuwa na la namna hiyo hiyo, ila lake bado lilifunguka.

Halafu jirani yetu, bibi mmoja Mwarabu wa Kimanga aliyefiwa na mumewe, akatuazima joho la marehemu. Sufu nzito, nyeusi, limetariziwa shingoni. Mume wangu alipolivaa alipendeza hata nikaona haya kumtazama mbele za watu. Lakini uzuri haukaushi kifua. Nikamkalisha kwenye kigoda uani, nikammwagia mitungi mitatu, na joho likanywa yote. Kuinuka hakuweza, ilibidi tumshike huku na huku. Lilichukua siku nne kukauka. Nililirudisha nimeinamisha uso, na yule bibi akaniambia nisione taabu, kwani hata marehemu mwenyewe alikuwa mzito akilowa.

Mwisho nikaenda Mlingotini kwa mjomba wangu, fundi wa kuunda vyombo vya baharini. Nikamshika miguu, akaitikia, akanisikiliza hadithi ya mpira na ya joho huku akichonga ubao. Kisha akacheka mpaka akaweka tezo chini.

“Mwanangu,” akasema, “bahari nzima inabisha hodi kwenye ubao huu mwaka mzima na haifunguliwi. Mvua itapita wapi?”

Niliona aibu kwamba sikuliwaza hilo tangu awali. Mtu wa pwani aende dukani kutafuta dawa ya maji, ilhali babu zake wamekaa juu ya maji? Mjomba akachukua kitambaa kipya cha merikani, akakishona tabaka mbili, koti refu lenye kofia, limefungwa kifuani mpaka kidevuni. Akachemsha mafuta ya papa pamoja na shahamu ya ng'ombe na utomvu mkavu wa sandarusi uliosagwa, akalipaka ndani na nje, akalianika juani, akalipaka tena, mara tatu. Mishono akaikalafati, akiiziba kwa pamba kama anavyokalafati mbao za jahazi. Aliponikabidhi aliniusia jambo moja: lisiachwe na tundu, hata la sindano.

Siku ya kulijaribu, uani kwetu palijaa kama pana harusi. Mume wangu akakaa kigodani, akafumba macho, nami nikaanza kummwagia maji polepole kuanzia kichwani. Mama mkwe wangu akanikemea papo hapo. Alisema mtu mzima hamwagiwi maji namna ile akiwa kimya na macho yamefumbwa, hiyo ni kazi ya waosha maiti, na kama nataka kuendelea basi mwanawe afumbue macho na azungumze. Ikawa namwagia huku yeye akitaja vituo vya njiani kimoja kimoja, kutoka kivuko cha Kingani hadi vilimani. Mitungi kumi. Tulipomvua, kanzu yake ilikuwa kavu kama imetoka kunyooshwa. Nilipiga vigelegele mwenyewe, sikungoja wageni wanipigie.

Harufu ndiyo iliyobaki. Sijui niieleze vipi kwa mtu ambaye hajawahi kusimama karibu na papa wa juzi. Tulipoondoka, paka wa mtaa mzima walitusindikiza hadi nje ya mji, na mmoja wa manjano alikata tamaa karibu na mto. Wapagazi walilalamika kwamba kirongozi hutangulia, na upepo ukivuma kutoka mbele wao ndio wanaokula harufu yote. Hakuna aliyekubali kulibeba. Nikalibeba mimi, nimelitundika kwenye fimbo begani, siku zote za nyikani, na nzi walinifuata kana kwamba nimewaalika. Sikujali. Kila nilipolinusa nilijiambia hii ndiyo harufu ya mume mzima.

Mvua ilitukuta siku ya kwanza ya kupanda, mchana, mvua nyembamba ya ukungu isiyo na haraka. Nikamvika koti, nikamfunga kamba mpaka kidevuni. Akapanda mbele yetu, maji yakiteleza mgongoni mwake kama kwenye jani la mgomba, na mimi nyuma na masufuria yangu nikajiona mke hodari kuliko wake wote wa pwani ya Mrima.

Tulipofika mahali pa kupumzika akalegeza kamba. Mvuke ukatoka. Nikaingiza mkono, nikakuta kanzu imelowa chapachapa, unaweza kuikamua. Nikaligeuza koti huku na huku nikitafuta tundu, mshono kwa mshono, na sikuliona. Kisha nikalamba kidole changu. Chumvi. Halikuwa na tundu hata moja. Alikuwa amelowa kwa jasho lake mwenyewe, na sasa tumesimama, baridi inashuka, meno yake yanagongana.

Niliogopa kama sijawahi kuogopa. Nilimvua kila kitu, nikamvika kaniki zangu kavu kutoka mzigoni, nikamkalisha karibu na moto na kumnywesha tangawizi mpaka akaomba nimhurumie. Hapo ndipo nilipoliona kosa letu, la mjomba na langu. Tulimjaribu amekaa kigodani. Mtu aliyekaa hatoki jasho. Na jahazi nalo husukumwa na upepo, halipandi mlima kwa miguu yake.

Asubuhi alipoamka bila homa nilimshukuru Mungu, nikachukua kisu cha jikoni na lile koti. Aliponiona ninalikata chini ya kwapa aliruka kama ninatoboa chombo naye yumo ndani.

“Mjomba wako alisema hata tundu la sindano,” akanifokea.

“Mjomba wangu anaunda majahazi,” nikamjibu. “Jahazi halitoki jasho.”

Akasema nimekuja kumuua. Nikasema kama ningetaka hivyo ningemwacha alivae lilivyo. Wapagazi walikaa wakitusikiliza kwa raha zao, na Mzungu, aliyekuwa akipiga chafya ndani ya koti lake la mpira, akaacha majani yake aje aone. Nikakata kwapa zote mbili hadi kiunoni. Nikapasua mgongo, na juu ya ule mpasuko nikashona kipande cha kuning'inia nilichokikata upindoni, ili maji yapite juu na pumzi ya mwili itokee chini. Nilishona bila uhakika wowote. Kama nimekosea, nilikuwa nikimshonea sanda yake.

Tukapanda. Mvua ikaanza tena, nzito kuliko ya jana, na njia ikasimama kama ngazi. Mara mbili nilimkimbilia mbele nikaingiza mkono kwenye kwapa lile, mara mbili nikakuta kanzu kavu na mwili wenye joto la kawaida. Mara ya tatu akanifukuza, akasema anatekenywa mbele ya watu.

Nikarudi nyuma kwenye masufuria yangu, na hapo nikasikia kitu. Kirongozi ndiye anayeanzisha wimbo wa kupandia, na wengine humwitikia. Tangu kichomi kimpate mume wangu alikuwa hajaimba. Hakuniambia kwa nini, wala sikumuuliza. Mwenye kuhesabu pumzi zake haimbi akipanda mlima. Sasa sauti yake ilitoka mbele kabisa kwenye ukungu, imekwaruza kidogo lakini ni yake, na wapagazi wakaipokea mmoja baada ya mwingine mpaka ikanifikia mimi wa mwisho. Nikasimama palepale nikalia kwa furaha.

Alipogeuka kuona kwa nini nimebaki, akaukata wimbo, akashuka mpaka nilipokuwa. Akanitazama kuanzia kichwani hadi miguuni.

“Mke wangu,” akasema, “la kwako liko wapi?”

Nikajitazama. Kaniki ilikuwa imenigandama, maji yananitiririka kwenye viwiko. Wiki mbili za maduka, joho, mitungi na mafuta ya papa, na si yeye, si mjomba, si mimi mwenyewe, aliyekumbuka kwamba na mimi ninapanda mlima. Akaanza kufungua kamba za kidevuni.

“Usilivue,” nikamwambia. “Wewe imba tu.”