Mama Chupa Hachukui Udongo Ulioota Jua

"Jirani, udongo huo unampelekea mganga gani?"

Aliulizwa hivyo miaka mingi iliyopita, akitoka kazini na boksi la barafu lililojaa chupa za udongo. Alicheka. "Mganga wa maabara, dada. Huyu hapigi ramli." Tangu siku hiyo akawa Mama Chupa.

Leo hacheki. Saa mbili asubuhi amesimama ukingoni mwa shimo, mahali palipokuwa kituo cha mafuta. Halifukiwi mpaka yeye apime kama mafuta yameingia udongoni. Matangi matatu yaliyofukiwa hapa miaka ishirini na sita yaling'olewa jana, yamelazwa ubavu kama ng'ombe waliovimba. Moja lina tundu tumboni, kidole kinapita.

"Tundu lile ndilo linaloninyima raha," anasema. "Tangi likivuja halipigi kelele. Udongo unakunywa tu, kimya, mpaka ushibe. Ukishiba, unampa wa chini yake."

Wa chini yake ni maji. Na hatua arobaini nyuma ya ukuta wa kituo kuna kisima cha wifi yake, chenye mfuniko wa chuma. Nyumba sita zinachota hapo.

Hakuna anayeruhusiwa kushuka shimoni. Hewa ya humo humwangusha mtu kabla hajaita mama. Mashine ya kuchimbia huchota udongo chini kabisa na kuuleta juu. Mama Chupa huujaza chupani upesi, mpaka mdomoni, usibaki upenyo wa hewa, kisha huizika chupa kwenye barafu. Udongo ukichelewa nje, petroli iliyomo huruka, na maabara husema ni safi.

Hilo alilijua kwa kukosea. Mwaka wake wa pili kazini alikuta shimo la kituo kingine limejaa maji ya mvua. Aliyekuwa msimamizi akamwonyesha lundo lililoota jua siku tatu. "Si udongo uleule, mama?" Akachota. Majibu yakaja safi, shimo likafukiwa. Miezi minne baadaye fundi viatu wa mtaa ule alileta dumu la maji ya kisima chake, akalifungua mbele ya meza ya Mama Chupa. Harufu ya petroli ikajaa chumba kizima.

"Sijui watoto wake walikunywa mangapi. Sikuuliza, niliogopa. Mpaka leo nikisali nawataja wao kwanza, ndipo wangu."

Na leo lundo lipo tena. Msimamizi ana malori mawili ya kifusi yanayosubiri.

"Mama Chupa, chota hapo kwenye lundo tumalize."

"Hilo limelala nje tangu jana, mwanangu. Teremsha ndoo ya mashine."

"Wewe mama unapenda mashimo kupita mchimba kaburi!"

"Nayapenda nikiwa juu."

Madereva wanaangua kicheko. Ndoo inashuka.

Udongo wa mfinyanzi wa hapa ni mwekundu. Unaopanda ni wa kijivu, unang'aa. Anasogeza kipimo cha mvuke wa petroli; namba zinapanda, hazitaki kusimama. Mama huyu, mwenye miaka hamsini na minane, anazisoma mara mbili.

"Leo hamfukii," anamwambia msimamizi, taratibu. Hakuna anayecheka tena.

Anajaza chupa kumi na mbili. Majibu yatachukua siku tisa. Ameshaandika ombi la kuchimbiwa visima vitatu vyembamba vya kupimia, kati ya shimo na ukuta, ajue sumu imefika wapi. "Mungu akinipa miguu, nitavipima kila mwezi mpaka nistaafu. Sitaki kuletewa dumu jingine."

Kabla ya kwenda maabara anapita kwa wifi yake. Chumbani kuna ndoo tatu za maji, zimefunikwa sahani.

"Karibu, wifi. Viatu uviache huko huko na matope yako!"

"Wifi, funga kisima."

"Umeona nini kwenye maji?"

"Kwenye maji sijaona. Nimeona kwenye udongo."

"Basi hujui."

"Sijui. Ndiyo maana naogopa."

Wifi anazitazama ndoo, moja baada ya nyingine. "Asubuhi hii wote wameshachota."



Wifi anainuka, anachomoa kufuli la mlango wake mwenyewe, na anatoka nalo kuelekea kisimani.