Kidole Changu Kwenye Mkono wa Pasta

Ukutani mwa chumba changu cha Bertrams, huku kusini kabisa mwa Afrika, waliishi watu wasio na vichwa. Niliwachora mwenyewe. Msimu wa baridi wateja walipojifungia na hita zao, mimi nilichora viwiliwili: mwanaume wa suti ya bluu, mkono juu ya Biblia, mwanaume wa koti jeupe, mkono juu ya Biblia, mama wa kitenge, mkono juu ya Biblia. Juu ya shingo niliacha turubai tupu. Mteja akija na picha yake kwenye simu anachagua mwili, mimi naweka kichwa. Wapo watakaosema hiyo si sanaa. Hao wana mtu wa kuwalipia umeme. Mimi niliishia darasa la tano, nikafundishwa rangi na mzee mmoja wa Lubumbashi aliyechora vibao vya vinyozi, naye aliniambia kwamba kichwa ndicho kinachomliza mteja, suti inakula siku zako bure.

Watu hawataki sura zao. Wanataka sura ambayo wanaona Mungu aliwadhulumu. Msusi mmoja alinitaka nimpunguze pua, nikampunguza, akarudi na mumewe, na mume akaniuliza huyu ni nani. Baba mmoja alitaka nimfute mke wa kwanza kwenye picha ya harusi nimweke wa pili ndani ya gauni lilelile, maana gauni lilikuwa halina kosa. Alikuwepo mlinzi aliyelala kila nikimkalisha kitini. Akasema analala kwangu kwa sababu kazini kwake kuna kamera. Lakini mwisho wa yote kuna lile tone la rangi nyeupe ndani ya jicho. Unaliweka, na uso unaacha kuwa rangi, unaanza kukutazama. Nimekunywa bia nyingi katika maisha yangu na sijapata iliyolingana na tone lile.

Dirisha langu lilitazama kusini. Kwa mchoraji wa huku, ambako jua hupita upande wa kaskazini, hiyo ni bahati, mwanga wake hautikisiki toka asubuhi hadi jioni. Ila jua lenyewe haliingii hata kwa kubembelezwa, na Julai nilichora nikiwa nimevaa soksi mkono wa kushoto. Mwenye nyumba, ambaye namweka hapa kama mkosaji wa kwanza, alikiita chumba cha wageni waheshimiwa. Alikuwa amekigawa kwa mbao, na upande wa pili fundi cherehani alikohoa mpaka nikajua kikohozi chake kuliko sura yake.

Mkosaji wa pili ni kinyozi wa pale kona, karibu na roboti, ndivyo huku wanavyoita taa za barabarani. Jina lake naliacha, analijua mwenyewe. Mwaka 2015, walipovunja vibanda vyetu sisi wageni, alikuja na wenzake kwangu, yeye niliyemchorea kibao cha kinyozi na bado kinaning'inia mlangoni kwake. Nilikuwa nimekumbatia sanduku la brashi. Akachukua ubao wa kuwekea picha, ubao wangu mwenyewe, akanipiga nao mkono wa kushoto. Kidole cha mwisho kilipona kikiangalia pembeni kama mtoto aliyenuna. Mpaka leo tukikutana ananiambia, "Sharp, baba," salamu ya huku ya kusema mambo safi, nami najibu sharp. Barabara lazima nivuke mahali fulani.

Sasa, mchoraji wa mkono wa kulia akitaka mkono wa kuiga, anao wa kushoto. Haudai chai, hausinzii. Nikauweka juu ya kitabu chochote na kuuchora, mwili baada ya mwili. Na mtu akiishi na kidole kilichopinda, baada ya muda anakiona kimenyooka kama vya wengine.

Mkosaji wa tatu ni Pasta wetu. Alikuja na picha kwenye simu, akachagua suti ya bluu, hata hakukaa, gari lilikuwa linamngoja. Jumapili picha ilipotundikwa mbele, juu ya maua ya plastiki, akahubiri kwamba alikaa mbele ya mchoraji wiki nzima bila kula, mpaka Roho akamwongoza mchoraji mkono. Mimi nilikuwa benchi la nyuma. Niliitika amina pamoja na wengine. Baada ya mahubiri yale nusu ya kanisa ilitaka picha, na amina si kitu kigumu kutamka.

Kisha akaja mjane. Mumewe alikuwa mlinzi wa ghala, ugonjwa ukamchukua, na Jumamosi moja ya Julai walikuwa wamepanga kuondoa matanga kanisani. Kwetu siku hiyo picha ya marehemu inasimamishwa mbele, watu wanapita mmoja mmoja, kila mtu anaigusa na kumwambia marehemu neno lake la mwisho, ndipo mjane anavuliwa nguo nyeusi. Bila picha unaongea na kiti. Naye picha aliyokuwa nayo ni ile ya karatasi ya ukimbizi tu, mhuri umepita kwenye kidevu, mwanaume anatazama kama aliyeulizwa swali kwa lugha asiyoijua. Mtoto wao wa mwisho, anayeongea Kizulu tu na Kiingereza cha shule, alikuwa ameanza kumwita baba yake "yule wa kwenye karatasi". Mama huyo aliona aibu kunisimulia hilo.

Akasimama mbele ya ukuta, akaonyesha suti ya bluu. Hakuwahi kuvaa suti, akasema, mvalishe.

Kichwa kile nilikitolea jasho. Nilitoa mhuri, nikatafuta kidevu chini yake. Mjane alikaa kando yangu na bakuli la ugali, akinielekeza kwa kijiko: shavu lishuke, sikio lisogee. Nilipoweka lile tone la jicho akaacha kutafuna.

"Papa, umemfanya mpole mno," akasema. "Ongeza ubishi."

Nikaongeza ubishi kwenye nyusi. Akacheka, akafuta macho kwa kitenge, akala ugali wake ukaisha.

Picha ilikaa kwangu mpaka ikakauka vizuri. Alhamisi kabla ya siku yenyewe akaipeleka kanisani ili akina mama wa kwaya waipambe, wakaiegemeza ukutani chini ya picha ya Pasta. Wa kwanza kuona alikuwa mama wa sauti ya tatu. Aliyasogeza maua ya plastiki, akatazama mkono wa Pasta, akatazama mkono wa marehemu, akaketi chini kwa kicheko. Suti moja, Biblia moja, na kidole cha mwisho kimenuna upande uleule.

Mchana Pasta aliingia kwangu bila kubisha, picha ya marehemu kwapani, mjane nyuma yake. Alisema nimemvalisha yeye nguo moja na maiti, na huko ni kumwitia mtu kifo. Akanyoosha mkono wake mbele ya uso wangu, kidole kinene kimenyooka kama msumari, akauliza kile kilichopinda nilikipata wapi. Nikatazama kidole chake, nikatazama turubai, nikavua soksi mkono wa kushoto. Naapa, toka kupona kwake ile ndiyo siku ya kwanza niliyokiona kimepinda.

"Ni changu," nikasema.

Amri yake ilikuwa fupi: nifute suti ya marehemu na mkono wake, nichore vingine, la sivyo picha haiingii kanisani. Nikamweleza kwamba rangi ya mafuta kwenye baridi ile haikauki kwa Jumamosi. Watu wataigusa na kuondoka na vipande vya marehemu mikononi. Akasema basi wataongea na kiti.

Mjane alikuwa anatazama ukuta wangu. Mwili mpya wa suti ya bluu ulikuwa pale, mkono juu ya Biblia, unangoja kichwa.

"Pasta," akasema kwa adabu kabisa, "kwani suti ile si yako?"

Pasta akasema ndiyo, ni yake.

"Na ulikaa hapa wiki nzima umeivaa. Basi Jumamosi ivae, baba. Nitawaambia watu marehemu aliazima kwako, wataona ukarimu wako." Akauelekezea ukuta kidole. "Au niwaite mama wa kwaya waje waone inakotundikwa?"

Upande wa pili wa mbao fundi cherehani akakohoa, na kikohozi kile hakikuwa cha ugonjwa. Pasta aliketi kwenye kiti cha wateja. Alisema polepole, "Mama, tusifike huko."

Tukakubaliana picha ya marehemu iingie kama ilivyo, ya kwake ishushwe mpaka nimpe mkono wake mwenyewe na koti lake mwenyewe. Na mkono, nikamwambia, hauchorwi kwa simu.

Basi Pasta akaja kukaa. Dirisha la kusini, Julai, bila jua. Alikaa vibaya kuliko mteja yeyote niliyewahi kupata: anajikuna, anaangalia simu, mara mguu umekufa ganzi. Alipouliza kama kuna chai nikamkumbusha mfungo. Mwisho akalala mdomo wazi, nami nikamchora mkono jinsi ulivyo, mnene, kucha zimetafunwa. Ni mkono bora niliowahi kuchora, na nasikitika kwamba ni wake. Baadaye aliwaambia waumini kwamba picha za kuchapishwa mjini zinang'aa zaidi, na wateja wa kanisa wakakauka.

Lakini Jumamosi ile marehemu alisimama mbele, juu yake msumari mtupu. Nilikuwa nimemwambia mjane kwamba baadaye nitakinyoosha kile kidole. Alikataa, akasema kiache, mtoto ameshakipenda. Na kweli, mtoto alisimama kando ya picha akiwaeleza wenzake kwa Kizulu kwamba baba yake alivunjwa kidole akipigana na wezi wa ghala.

Zamu yangu ilipofika nikaigusa turubai. Nikamwambia marehemu akitunze, kwake kimepata hadithi nzuri kuliko yangu.