Neno Lililofunga Milango

Wewe unayesoma ualimu wa watoto wadogo, mwanangu, kaa kwanza. Nakumbuka siku moja niliyoshuka kwenye pikipiki pale Kabambare, vumbi mpaka kwenye kope, nikitoka Kasongo kufanya utafiti wangu wa kwanza. Profesa alikuwa amesema wazi: bila maneno ya wazazi wenyewe juu ya michezo ya watoto wao, kazi haipiti, na bila kazi hiyo hakuna diploma.

Nikaenda mlango kwa mlango. Nilijitambulisha kwa adabu zote: "Mama, niko nafanya ankete juu ya watoto wa hapa." Ndivyo tulivyouita utafiti chuoni, kwa Kifaransa chetu. Mama wa kwanza alinitazama toka kichwani hadi miguuni. "Hapa hakuna mutoto," akasema. Nyuma ya pazia mtoto akapiga chafya. Nyumba ya pili, hakuna mtoto. Ya tatu, mlango ulifungwa kabla sijafika. Haki ya Mungu, Kabambare nzima ilikuwa imeishiwa watoto.

Nilirudi kwa shangazi yangu, mwenyeji wangu, nikilia. Aliponisikiliza alicheka mpaka akashika ubavu, kisha akanigombeza. "Ankete iko ya polisi, mama. Unaingia kwa watu na neno la polisi, halafu unataka wakuonyeshe watoto? Kesho uliache hapa nyumbani hilo neno. Muulize mwenye nyumba yeye alicheza nini alipokuwa mudogo."

Kesho yake nikamuuliza hivyo mama yule wa kwanza. Alitabasamu, akachimba vishimo uani na kuanza kupanga kokwa za ngazi, zile chikichi za mawese. Alipokosea, yule wa chafya akatoka mbio: "Si hivyo, mama." Moyo wangu ukatua, mwanangu, kama mtu aliyetua kuni kichwani. Majirani wakaja wenyewe, kila mmoja na mchezo wake. Nilirudi Kasongo mwepesi, na kazi ikapita.

Wazee walisema kuuliza si ujinga. Mimi naongeza: kabla hujauliza, lisikie neno lako kwa sikio la anayeulizwa. Eleza haja yako kwa lugha ya nyumbani, na mama akuamini kwanza ndipo umkaribie mtoto wake. Mtu akikuficha jambo, usimwite mjinga. Jiulize umemtisha na nini.

Nenda basi. Mungu akutangulie njiani, na kila mlango utakaobisha hodi, aufungue mtu mwenye kicheko.